Sampu ya mtumba kutoka ng'ambo ya mpaka: anza na namba ya injini, si jina la gari

Sampu ya oili, ambayo baadhi ya mafundi huiita sampo au bakuli la oili, ni kipuri kinachoonekana rahisi kununua lakini kinachowatia hasara wafanyabiashara wengi. Hukaa chini kabisa ya injini, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kugonga jiwe, tuta lisilo na alama au ukingo wa shimo. Ikipasuka, oili humwagika kwa muda mfupi, na dereva anayelazimisha kuendelea na safari anahatarisha injini nzima.

Kwa wanaobeba mizigo midogo kati ya Kenya, Tanzania na Uganda, kinachofuata kinajulikana. Gari huvutwa hadi gereji ya karibu. Fundi hutaja jina la gari, mwenye gari hupiga simu Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, fedha hutumwa kwa simu na sampu hupakiwa kwenye basi. Siku ya pili au ya tatu kipuri kinafika, na matundu ya bolti hayalingani. Muuzaji yuko nchi nyingine, kodi imeshalipwa, na kukirudisha kipuri hicho ni gharama kuliko kukiacha gereji.

Hasara hiyo inaweza kuepukwa. Sababu yake kubwa si ubovu wa vipuri vilivyotumika, bali ni agizo linalotolewa kwa jina la gari badala ya injini iliyomo.

Kwa nini jina la gari halitoshi

Sampu haifungwi kwenye bodi ya gari. Hufungwa kwenye bloku ya injini, na umbo lake hufuata injini hiyo, pampu yake ya oili na vyuma vilivyo chini yake. Magari mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na sampu mbili zisizoelewana kabisa.

Toyota Corolla iliyouzwa Japan kuanzia mwaka 2000 ni mfano mzuri. Ilitoka na injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3, 1NZ-FE ya lita 1.5 na 1ZZ-FE ya lita 1.8, pamoja na injini ya dizeli. Anayeagiza "sampu ya Corolla" hajasema lolote ambalo muuzaji anaweza kulitumia.

Probox, gari linalopendwa sana na wasafirishaji wadogo wa kanda hii, lina mtego mwingine. Probox ya lita 1.3 ya toleo lililoanza mwaka 2002 ina injini ya 2NZ-FE. Toleo lililofuata mwaka 2014 lina lita 1.3 pia, lakini injini yake ni 1NR-FE, ambayo ni ya ukoo mwingine. Jina ni moja, ukubwa ni mmoja, sampu ni tofauti.

Tofauti ya tatu ni kati ya magari ya kawaida na ya 4x4. Gari la 4x4 huwa na difu ya mbele, na sampu lazima iipishe. Hilux za zamani zenye injini ya 22R zinaonyesha jambo hili waziwazi: sampu ya Hilux ya magurudumu mawili haikai kwenye Hilux ya 4x4 ingawa injini ni ileile, na hata chujio la kunyonyea oili lililo ndani ni tofauti. Kwa magari ya BMW ya xDrive tofauti ni kubwa zaidi, kwa kuwa difu ya mbele imefungwa kwenye sampu na shafti moja hupita katikati yake.

Aidha, injini nyingine zina sampu ya vipande viwili. Kwenye 1NZ-FE kipande cha juu ni cha aluminiamu na hushikana na bloku, na cha chini ni cha bati na ndicho kinachoshika nati ya kumwagia oili. Mteja akisema "sampu" tu, anaweza kuletewa kipande cha juu wakati kilichopasuka ni cha chini.

Namba tatu za kutuma kabla ya fedha

Kabla ya kuzungumza bei, mnunuzi anapaswa kuwa na namba tatu.

Ya kwanza ni aina ya injini, kama vile 1NZ-FE au 1ZZ-FE. Hii isomwe kwenye bloku ya injini yenyewe, si kwenye kadi ya gari pekee. Magari mengi ya kanda hii yamebadilishiwa injini, na si kila mabadiliko yaliandikishwa. Kadi inaweza kusema injini moja na chini ya boneti kukawa na nyingine.

Ya pili ni namba ya chasisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japan hayana namba ya tarakimu 17 kama ya Ulaya au Ghuba. Yana namba fupi inayoanza na alama za modeli, kwa mfano NZE121 kwa Corolla ya lita 1.5 au NCP51 kwa Probox ya lita 1.5 ya magurudumu mawili. Probox ya 4x4 ya toleo hilohilo ni NCP55. Alama hizo humwambia muuzaji kama gari ni la 4x4 bila kumuuliza dereva.

Ya tatu ni namba ya kipuri. Kwa Toyota, namba za sampu huanza na 12101, na za kipande cha chini cha sampu ya vipande viwili huanza na 12102. Kwa Nissan, huanza na 11110. Tarakimu zinazofuata hutofautisha injini na modeli. Muuzaji mwenye orodha ya vipuri, au duka la vipuri vipya, anaweza kuipata kwa kutumia namba ya chasisi. Mnunuzi akishaipata, anaweza kuuliza maduka kumi katika nchi tatu bila kueleza upya.

Namba ya kipuri ina faida nyingine: huonyesha sampu zinazoshirikiana. Ikiwa magari mawili yenye majina tofauti yana namba moja ya sampu, kipuri cha moja kinaingia kwenye jingine, na mnunuzi hatafuti tena gari lake pekee bali kundi zima. Injini ya 1NZ-FE imetumika kwenye Vitz, Platz, Funcargo, ist, Raum, Premio, Allion na Probox. Si kila sampu ya magari hayo lazima iwe moja, lakini ni eneo pana zaidi la kutafutia.

Kwa wateja wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari huendeshwa upande wa kulia wa barabara, ni vizuri kutaja upande wa usukani pia. Orodha za vipuri za magari ya usukani wa kushoto huweza kuwa tofauti na zile za magari yaliyotoka Japan.

Picha zinazosaidia

Namba zikishapatikana, picha huthibitisha. Sampu ya zamani isitupwe hata kama imepasuka vipande viwili, kwa sababu ndiyo kipimo cha mpya. Mnunuzi amwombe muuzaji picha za sampu anayoiuza, ikiwa imewekwa karibu na rula au futi ya fundi, kisha alinganishe mambo haya:

- Idadi ya matundu ya bolti na nafasi kati yake, hasa kwenye kona.
- Mahali pa sehemu yenye kina, kama ni mbele, katikati au nyuma, na kina chake kwa sentimita.
- Mahali pa nati ya kumwagia oili na upande inaoelekea.
- Tundu la kijiti cha kupimia oili, kama liko kwenye sampu.
- Tundu la sensa ya oili, ambalo baadhi ya magari yanalo na mengine hayana.
- Bomba la kurudishia oili kutoka kwenye turbo, kwa baadhi ya injini za turbo.
- Bati la ndani linalozuia oili kuyumba gari likiwa kwenye mlima au kona.

Kina kinahitaji uangalifu wa pekee. Sampu inaweza kukaa vizuri kwenye bolti zote na bado ikawa si sahihi. Ikiwa na kina kifupi, sakafu yake hugusa chujio la kunyonyea oili na pampu hukosa oili. Ikiwa na kina kirefu mno, chujio huning'inia juu, na oili ikipungua kidogo pampu huvuta hewa. Katika hali zote mbili injini inaweza kunoki ndani ya muda mfupi, na hasara ya sampu inakuwa hasara ya injini.

Kukagua kipuri mkononi

Anayenunua ana kwa ana, iwe Kirinyaga Road jijini Nairobi, Kisekka jijini Kampala au Kariakoo jijini Dar es Salaam, ana nafasi ya kufanya majaribio ambayo hayahitaji mashine.

Kwanza, sampu ilazwe juu ya kioo au marumaru, upande wa kufungia ukiwa chini. Ikitikisika au mwanga ukipenya, imepinda. Sampu nyingi hupindia kwenye kontena, zikiwa zimelaliwa na vyuma vizito. Ya bati inaweza kunyooshwa ikiwa imepinda kidogo. Ya aluminiamu iliyopinda haifai kunyooshwa kwa nyundo, kwani hupasuka.

Pili, nati ya kumwagia oili ifungwe kwa vidole. Inapaswa kuingia kwa mizunguko kadhaa bila kulegea wala kukwama. Kwa Toyota nyingi, nati hii ni ya milimita 12 na hufunguliwa kwa spana namba 14. Nyuzi zilizoliwa ni ugonjwa wa kawaida wa sampu zilizotumika, hasa za aluminiamu, na muuzaji anayeficha tundu hilo kwa kitambaa au silikoni anajua kwa nini anafanya hivyo.

Tatu, sampu isuguliwe nje kwa chaki, kisha imiminiwe mafuta ya taa ndani na kuachwa kwa nusu saa. Ufa mdogo usioonekana kwa macho hujichora kwenye chaki kama mstari uliolowa.

Nne, dalili za kuchomelewa zitafutwe. Bati lililochomelewa vizuri linaweza kudumu. Aluminiamu huhitaji fundi mwenye mashine ya gesi ya agoni na chuma kilichosafishwa kabisa. Kiraka cha gundi ya chuma ni cha kufikisha gari gereji, si cha kuuzwa kama sampu nzima.

Mwisho, ndani kuangaliwe. Kutu, mchanga au vipande vinavyong'aa ni onyo. Vipande vya chuma vina maana kwamba injini ilikotoka ilikufa, na sampu hiyo ikitumika lazima ioshwe mpaka isibaki chembe.

Soko lipi lina nini

Sheria za umri wa magari huathiri vipuri vinavyopatikana. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Uganda, kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, ilizuia magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Tanzania haikufunga mlango, bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozidi umri uliowekwa.

Kwa hiyo anayetafuta sampu ya gari jipya kiasi ana sababu ya kuanza Nairobi. Mwenye gari la miaka ya 1990 anaweza kubahatika zaidi Kampala au Dar es Salaam, ambako magari ya namna hiyo yaliendelea kuingia kwa muda mrefu na sasa yanafumuliwa. Vilevile, kuna vipuri vinavyotoka moja kwa moja Japan, na vingine kutoka Sharjah katika Falme za Kiarabu, ambako kuna soko kubwa la vipuri vilivyotumika. Vya Sharjah vinahitaji kuangaliwa namba kwa makini zaidi, kwa kuwa gari la Ghuba lenye jina moja na la Japan linaweza kuwa na injini nyingine.

Mpakani: cheti rahisi hakiihusu sampu ya Japan

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi hushangaa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, ambapo mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani hupata cheti rahisi cha uasili na kuvuka bila ushuru wa forodha. Wengi huelewa kwamba mzigo wowote mdogo unasamehewa. Sivyo. Cheti hicho ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Sampu iliyotengenezwa Japan haiwi ya Afrika Mashariki kwa sababu tu imenunuliwa Nairobi au Kampala.

Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, sampu ni kipuri cha injini na iko kwenye kifungu cha 8409: 8409.91 kwa injini za petroli na 8409.99 kwa injini za dizeli. Vipuri vingi vingine vya gari viko kwenye 8708. Kuandika kifungu kisicho sahihi kunaweza kuchelewesha mzigo au kubadilisha kiwango cha ushuru, hivyo ni vizuri kumuuliza wakala wa forodha kiwango cha siku hiyo kabla ya kununua.

Risiti ya duka iambatane na mzigo, ikitaja aina ya kipuri, kwamba kimetumika, namba yake na bei iliyolipwa. Risiti hiyo ina kazi mbili. Hutumika kukadiria kodi, na humlinda mnunuzi na msafirishaji dhidi ya tuhuma kwamba kipuri kimetoka kwenye gari la wizi. Dereva wa basi au lori anayekubali kubeba sampu isiyo na karatasi anabeba tatizo la mtu mwingine kwa nauli ya kifurushi.

Sampu imwagwe oili yote na ifutwe kabla ya kupakiwa. Upande wa kufungia ufunikwe kwa kadibodi nene na uwekwe kwenye boksi, si kwenye gunia. Kipuri kilichokaguliwa vizuri dukani kinaweza kupindia njiani chini ya magunia ya mchele.

Hesabu ya punguzo

Mfano wa hesabu unaonyesha kwa nini bei ya chini si lazima iwe nafuu. Tuseme sampu iliyothibitishwa kwa namba inauzwa shilingi 6,000 za Kenya, na nyingine isiyothibitishwa inauzwa 4,500. Usafiri na kodi ni 2,500. Gari likisimama siku 3, mwenye gari anakosa 4,000 kila siku, yaani 12,000.

Kwa sampu iliyothibitishwa, gharama yote ni 20,500. Kwa isiyothibitishwa, ikilingana, ni 19,000. Isipolingana, mwenye gari amepoteza 19,000 hizo na bado anahitaji 20,500 nyingine, jumla 39,500. Kwa hesabu hiyo, punguzo la 1,500 lina faida tu kama mnunuzi hukosea chini ya mara 1 kati ya 14. Anayeagiza kwa jina la gari peke yake hana sababu ya kujiamini kiasi hicho.

Bei hizi ni za mfano, na kila mmoja anaweza kuweka zake. Kinachobaki vilevile ni kwamba siku za gari kusimama ndizo ghali, si chuma.

Wakati wa kufunga

Kazi ya kununua vizuri inaweza kuharibiwa gereji. Silikoni ya zamani ikwanguliwe kabisa pande zote mbili. Mpya iwekwe kwa mstari mwembamba usiokatika, kwani inayozidi humong'onyokea ndani na kuziba chujio la kunyonyea oili. Chujio hilo lisafishwe sampu ikiwa bado iko chini. Bolti ndogo za spana namba 10 zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, bila kutumia nguvu nyingi. Oili isimiminwe mpaka muda wa silikoni kukauka ulioandikwa kwenye tyubu upite.

Injini ikiwashwa, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, injini izimwe mara moja. Baada ya safari fupi ya kwanza, na tena asubuhi inayofuata, kadibodi kavu iwekwe chini ya injini ili kuona kama kuna tone.

Ikiwa duka la vipuri vipya lina sampu ya bati kwa bei inayokaribiana na ya mtumba pamoja na usafiri na kodi zake, mnunuzi hana sababu ya kuvuka mpaka. Sampu ya mtumba ina maana pale ambapo mpya haipatikani au bei yake ni kubwa mno, kama ilivyo mara nyingi kwa zile za aluminiamu. Na pale inapohitajika, wasafirishaji wanashauriwa kuandika mapema aina ya injini, namba ya chasisi na namba ya sampu ya kila gari walilo nalo, na kumpa dereva nakala. Karatasi hiyo haina gharama, na siku sampu itakapopasuka itaokoa angalau safari moja ya basi.